GR86 ikipigwa feslifti itaguswa wapi? Jibu la fundi bodi

Wakuu, habari za jioni.

Mleta uzi kauliza mambo mawili. La kwanza, Toyota GR86 ya sasa, lile gari dogo la michezo la milango miwili, ikipigwa feslifti (yaani kiwanda kiibadilishie sura bila kutoa gari jipya kabisa) itakuwa na sura gani. La pili, yeye anajichanga, je anunue hii iliyopo au asubiri hiyo inayokuja. Halafu mdau mmoja katuwekea picha ya kuchora kwenye kompyuta: gari jekundu, taa nyembamba kama wembe, boneti mpya yenye tundu katikati, fenda zimetuna, na hata mlango umepigwa mkunjo ambao haukuwepo. Watu wameisifia kurasa mbili nzima.

Picha ni nzuri, sibishi. Ila gari lile halitatoka. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni fundi bodi hapa Ilala mwaka wa 19 huu, na sehemu kubwa ya mkate wangu ni watu wanaotaka gari lao la zamani livae sura ya toleo lililofuata. Ukishafunga na kufungua sura za magari kwa mikono yako, unaanza kujua kiwanda kinaogopa kugusa nini.

Nieleze kazi moja. Kaka mmoja aliniletea Subaru Impreza wagon ya 2001, turbo, ile ya taa za mviringo. Alilipenda gari lake kupita kiasi, shida yake ilikuwa zile taa tu. Na hakuwa peke yake. Sura ile ilitoka mwaka 2000, mashabiki dunia nzima wakaikataa, na ilipofika mwishoni mwa 2002 Subaru wakaiondoa. Mwaka 2005 wakabadilisha tena, ndiyo ile iliyobatizwa jicho la mwewe. Sura tatu ndani ya miaka mitano, na ukisimama ubavuni milango ni ileile, paa ni lilelile.

Basi kaka akazunguka kwenye maduka ya spea used, akarudi na kirikuu kimesheheni: boneti, taa mbili, shoo (ile grili ya mbele), fenda mbili na bampa, vyote vya toleo la 2003. Muuzaji alimwapia kwamba ni vitu vya gari moja. Nikaanza kufunga. Boneti ikakaa. Taa zikakaa, bolti zikaingia kwa mkono bila kulazimishwa. Fenda zikalala kwenye mlango, mwanya uko sawa toka juu mpaka chini. Nikamalizia bampa. Katikati, chini ya shoo, hakuna tatizo. Nikaifuata kwa kiganja kuelekea tairi la kushoto, nikakuta kona ya bampa imetokeza nje ya fenda kwa upana wa kidole. Nikahamia kulia, vilevile. Nikaitoa, nikakagua klipu na brakti, nikaiweka sakafuni nikaipima nikidhani imepinda kwenye ajali. Ilikuwa imenyooka kabisa.

Jibu nililipata usiku nikiwa nimeshaoga. Bampa ilikuwa ya sedani, fenda zilikuwa za wagon. Sedani ya WRX, yaani Impreza ya turbo, ilitengenezwa na fenda zilizotanuliwa, upana wa gari milimita 1730. Wagon ni milimita 1695, kwa sababu Japani gari likivuka upana wa milimita 1700 linahama daraja la usajili. Tofauti ni milimita 35, gawa kwa pande mbili, ndiyo kile kidole changu. Muuzaji alikataa kurudisha hela, ikabidi tusake bampa ya wagon wiki sita.

Toka siku hiyo nikaanza kuliona gari kama watu walioshikana mikono. Bampa imemshika fenda, fenda kamshika mlango, mlango kashika nguzo, nguzo imeshika paa. Aliye mwishoni ana uhuru wa kucheza, wa katikati hana. Mchoraji wa kiwandani naye yuko kwenye mstari huohuo, na yeye ana shida nyingine ambayo mimi sina: kila kipande cha bati kinapigwa kwa moldi nzito za chuma ambazo ni ghali mno, na akibadilisha umbo la boneti anagusa pia hesabu za kumlinda mtembea kwa miguu gari likimgonga. Bampa ni plastiki. Moldi yake nayo si bure, lakini hailingani hata kidogo na gharama za kugusa bati.

Najua kuna atakayesema, mbona hao hao Subaru mwaka 2002 walibadilisha mpaka fenda na boneti? Ni kweli, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Walifanya vile kwa sababu sura ilikuwa inawaumiza sokoni, na Impreza lilikuwa gari la watu wengi, lina matoleo ya familia, wagon na turbo, kwa hiyo gharama ya moldi inagawanyika. Porsche pia walipata tatizo kama hilo kwenye 911 iliyotoka 1997, ambayo upande wa mbele ilifanana mno na Boxster, gari lao la bei ya chini. Wenye 911 wakalalamika. Mwaka 2001 wakaibadilishia taa za mbele, lakini hawakuanza sifuri: walichukua sura ya taa za 911 Turbo, ambayo tayari ilikuwa barabarani toka 2000. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kugusa bati kikiwa na sababu kubwa, au kikiwa na kipande ambacho tayari kinakitengeneza.

Sasa tuirudie GR86 yetu. Je, sura yake inawaumiza? Hapana. Sijawahi kusikia mtu anailaumu sura ya gari hili; wanalaumu siti za nyuma na kelele za barabarani. Je, linauzwa kwa wingi kama Impreza? Hapana. Na kuna jambo la tatu ambalo wachora picha wengi wanalisahau: hili gari ni pacha. GR86 na Subaru BRZ zinatoka kwenye mstari mmoja, kiwanda cha Subaru kule Ota, mkoa wa Gunma. Ziweke pamoja utaona boneti ni moja, fenda ni moja, milango ni moja, hata umbo la nje la taa ni moja. Kinachozitofautisha kwa mbele ni bampa na mpangilio wa taa za mchana (zile zinazowaka gari likitembea mchana) ndani ya kioo cha taa. Yaani Toyota wakitaka boneti yenye tundu, lazima wakae meza moja na Subaru, kisha mapacha wote wawili wavae boneti hiyo. Ongeza kwamba kwenye kizazi hiki boneti, fenda za mbele na paa ni aluminiamu, ambayo ni ngumu kuifinyanga kuliko bati la kawaida kwa sababu inachanika haraka kwenye mikunjo mikali. Ile mikunjo mikali kwenye picha ya mdau wetu ndiyo ingekuwa ya kwanza kukataliwa.

Tena tuna mfano wa ndugu yake mkubwa. Kizazi cha kwanza, 86 ya 2012, ilipata feslifti iliyoonyeshwa New York Machi 2016. Waligusa nini? Bampa ya mbele, mdomo wa chini, ule uwazi wa kuingizia hewa, ukapanuliwa. Taa za mbele zikawa LED. Taa za nyuma, bampa ya nyuma, nembo za ubavuni. Ukisimama ubavuni, mistari ni ileile. Ukiangalia hata AE86 yenyewe, babu wa jina hili, aliyetoka 1983 na kurekebishwa 1985, waligusa zaidi bampa na taa. Wajapani wana maneno yao ya kutenganisha nusu ya kwanza na ya pili ya maisha ya gari, zenki na kouki. Mkiingia kwenye minada yao mtakutana nayo sana, na mara nyingi tofauti yake ni vitu vya plastiki na vioo.

Mazda MX-5 inatupa somo lingine. Umbo la sasa lilionyeshwa 2014, na sura haikuguswa mpaka Oktoba 2023. Hapo wakabadilisha taa: zile taa za mchana zilizokuwa kwenye bampa zikahamia ndani ya taa kubwa. Na kwenye mdomo kikaingia kifaa cha rada cha kupima umbali wa gari la mbele. Hicho kifaa kimeharibu sura za magari mengi mazuri, kile kipande cheusi bapa katikati ya shoo. Nilipoanza kuwaza feslifti ya GR86 hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu kubwa. Lakini mfumo wao wa usalama unatumia kamera mbili zilizo nyuma ya kioo cha mbele, juu karibu na kioo cha ndani cha dereva. Kwa hiyo mdomo wa gari hauhitaji kubeba kitu, na naomba wauache hivyo.

Ubashiri wangu basi. Bampa ya mbele itakuwa mpya, na zile kona zake zinazomeza hewa zitachorwa upya, maana ndiko kwenye nafasi ya kucheza. Nyumba ya taa itabaki na umbo lake, ila ndani mstari wa taa za mchana utakuwa mwingine. Nyuma, ule mkia wa bata uliounganishwa na buti hautaguswa, ni bati na ndio unaoipa gari haiba. Kioo chekundu cha taa ndicho kitabadilika, pamoja na ile plastiki nyeusi ya chini yenye ekzosi. Rimu mpya, rangi mpya moja au mbili, skrini kubwa zaidi ndani. Kwa kalenda ya kizazi cha kwanza, miaka minne toka kutoka mpaka kuguswa, muda wake umeshafika, kwa sababu hii ilianza kuuzwa 2021.

Kuhusu Ulaya, ambako iliondolewa 2024 kwa sababu ya kanuni mpya za usalama, msitegemee bampa mpya iirudishe. Kanuni zile zinadai vitu vilivyo ndani kabisa ya gari, na hiyo si kazi ya feslifti.

Ninachoogopa ni mdomo kupanuliwa kupita kiasi. Kila kampuni sasa inapenda mdomo mkubwa. GR86 ya sasa ina mdomo mpana uliokaa chini na taa zimetulia juu yake, uso mtulivu. Kwa macho yangu BRZ imetulia zaidi kidogo. Wakiupandisha ule mdomo mpaka karibu na boneti watakuwa wamekivunja kitu kilichowatoka vizuri, na hakuna bati litakaloweza kukirekebisha. Ford Mustang ya 2018 ilishushwa pua, na mpaka leo wapo wanaoitafuta ya 2015 kwa sababu ya macho yake. Mimi ni mmoja wao.

Sasa mleta uzi, swali lako la pili. Kwa ajili ya sura, usisubiri. Sisi tunanunua used kutoka Japani, feslifti ikitoka leo itachukua miaka kuteremka mpaka bei yetu. Taa za iliyopo tayari ni LED, na taa ya namna hiyo ikipasuka hubadilishi balbu, unabadilisha taa nzima, kwa hiyo nguvu zako zitumie kutafuta gari ambalo taa zake mbili hazina ukungu wala nyufa. Inama uangalie chini ya bampa, maana gari liko chini na matuta yetu mnayajua. Mikwaruzo ni kawaida, ila ukikuta klipu zimefungwa kwa zipu za plastiki, mwambie akutolee bampa uone kilicho nyuma. Fungua boneti uangalie vichwa vya bolti za fenda. Rangi ikiwa imechunika kwenye kona za bolti, fenda ilishatolewa, muulize kwa nini.

Na ile sumaku wengi wenu mnayotembea nayo mfukoni kupima puti (ile pasta ya kuziba mabonyeo chini ya rangi, ambayo sumaku hainati), kwenye gari hili itumieni kwenye milango na ubavu wa nyuma tu. Kwenye boneti, fenda za mbele na paa haitashika hata kama gari halijawahi kuguswa, kwa sababu ni aluminiamu. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniita kukagua gari, sumaku ikadondoka kwenye boneti, tayari alikuwa anamrudishia mwenyewe funguo. Nikamshika mkono, tukapima mlango, ikanata. Rangi ya boneti ilikuwa ya kiwandani, na gari akalichukua.