Mwanangu, kuhusu hiyo netiweki ya kichwa

Mwanangu,

Marahaba mama. Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu, ile unauliza mbona saa tatu asubuhi unachapa invoisi za wageni bila kukwama halafu dakika kumi mbele umekodolea karatasi ileile na saba jumlisha nane inakushinda, ukasema kichwa kinakata kama netiweki ya porini, na mwisho ukauliza, "mama, naumwa au ndo akili inaisha?" Una miaka 29. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu utasema sawa mama halafu unakata, na jambo hili nimelifundisha chuo cha ualimu miaka mingi, tena kabla ya kulifundisha nililiona kwa macho yangu.

Sidhani kama nimewahi kukuhadithia. Kabla sijaenda ualimu nilifanya msimu mmoja hapa Moshi kuchambua kahawa. Tunakaa wanawake kwenye mstari, mkanda unapita na buni iliyokobolewa, kazi yako ni kutoa punje nyeusi, zilizovunjika, na zilizotobolewa na mdudu. Mwanzoni jicho linakuwa kali kama la kuku, hakipiti kitu. Halafu, na hapa ndo nataka usome taratibu, sijachoka, sisinzii, mikono inakwenda, macho yako wazi kabisa, punje nyeusi inapita hapohapo chini ya pua yangu na mimi naiona ikishapita. Dada wa kushoto anaidaka. Dakika moja baadaye inampita yeye naidaka mimi. Nyapara alifikiri tunapiga soga. Hatukuwa tunapiga soga, wakati mwingine hata neno moja hatujasema saa nzima.

Miaka mingi baadaye niko darasani najiandaa kufundisha nikakuta huko Marekani mwanasaikolojia Arthur Bills alishaandika habari zangu mwaka 1931. Aliwapa watu kazi nyepesi ya mfululizo, mfano kutaja rangi moja baada ya nyingine haraka wanavyoweza, na kila mtu, hata yule hodari, mara kama tatu kwa dakika alikuwa anakwama kidogo, sekunde chache tu, kisha anaendelea. Makosa nayo yalikuwa yanajikusanya hapohapo kwenye kukwama. Mara tatu kwa dakika, mama! Nilikaa na ile makala yake nikaikumbuka ile punje nyeusi nikatamani nyapara angekuwepo asome. Vipengo hivyo ni namna kichwa kinavyofanya kazi, ukimtazama mtu huoni kama vimempata, wala mwenyewe mara nyingi hajui, anajua tu kwamba namba imempita.

Na mtafiti Mackworth wa Uingereza mwaka 1948, yeye alikuwa anahangaika na wanajeshi waliokuwa wanaangalia rada kutafuta nyambizi, akawakalisha mbele ya mshale wa saa unaoruka hatua moja kila sekunde, mara mojamoja unaruka hatua mbili, wewe useme umeona. Kabla hata nusu saa haijaisha umakini ulishashuka, na hao ni vijana wenye afya zao. Kwa hiyo we ukikaa na mistari ya Excel kuanzia saa mbili mpaka saa sita bila kunyanyuka, unajidai nini?

Sababu si moja. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote, na haukai bure, ukiacha kushughulika na cha mbele yako unarudi ndani kwenye mambo yako, kodi ya nyumba, yule kaka, maneno ya bosi, na wakati mwingine unarudi huko katikati ya kazi bila kukuaga. Halafu kuna saa ya mwili. Ule uzito wa saa nane mchana unaousingizia mtori wa mama ntilie, hata usipokula unakuja, ni mwili wenyewe unashuka. Na bosi akisimama nyuma yako kichwa kinaganda si kwa sababu hujui, ubongo unataka msisimko wa kiasi, ukipungua unasinzia, ukizidi unababaika.

Lakini mimi kwako nina shaka na usingizi kuliko vyote. Msimu huu wa wageni unalala saa sita usiku unaamka saa kumi na moja, usinifiche. Mwaka 2003 mtafiti Van Dongen na wenzake waliwaacha watu walale muda wa saa sita tu kila usiku kwa wiki mbili mfululizo, wakaishia kuboronga kama mtu aliyekesha usiku mzima, na kilichoniuma ni kwamba wenyewe walijisikia wana usingizi kidogo tu. Vipengo vinaongezeka na mwenye kichwa haoni. Kahawa itakuficha usingizi, haikulipii deni.

Kwa hiyo zile invoisi kubwa za dola fanya asubuhi, ukimaliza usizihakiki papo hapo maana jicho lililokosea ndo hilohilo linahakiki, nyanyuka, kunywa maji, zirudie baadaye au mpe mwenzako apitishe macho, sisi kwenye mkanda tulikuwa tunaokoana hivyohivyo. Simu iweke kwenye droo. Ila kama hali hii ni ya kila siku wiki na wiki hata ukilala vizuri, au una huzuni isiyoondoka, kizunguzungu, au unakosa pumzi ukipanda ngazi, hapo usisubiri nikuandikie tena, nenda hospitali wakupime damu na wakusikilize.

Nataka kitu kimoja. Chukua kidaftari, kila ukikosea au kichwa kikikata andika saa na ulikuwa unafanya nini, usijieleze sana, saa tu na kazi, na usiku wa jana ulilala saa ngapi. Baba yako anakwenda sokoni Mbuyuni Jumamosi kuchukua ndizi, Jumapili nakutegemea kutoka Arusha na basi la asubuhi. Njoo nacho tukisome pamoja.

Mama yako