Wasomaji Wauliza: Nachonga Mchana Kutwa, Mazoezi Gani Tena?

SWALI: Assalaam alaikum, Daktari. Mimi ni fundi wa kuchonga milango hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na umri wangu ni miaka 54. Mwezi uliopita nilipimwa kliniki mara mbili, nikakutwa na shinikizo la damu la 148 kwa 94, na karatasi ya maabara ikaonyesha kuwa lehemu (kolesteroli) mbaya, ile iliyoandikwa LDL, ni 4.3. Nimepewa vidonge vya presha na kuambiwa nifanye mazoezi. Nami nashangaa, kwani nachonga tangu asubuhi hadi alasiri, jasho likinitoka, na kila niendako mjini naenda kwa miguu. Mke wangu naye ameshaiondoa nazi jikoni kabisa. Je, nikijikaza kwa hayo, naweza kuviacha vidonge?

JIBU: Waalaikum salaam, fundi. Tuanze na jasho, kwa sababu ndilo linalowadanganya wengi. Mchonga nakshi huketi chini, patasi mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, na ifikapo alasiri mabega yanamuuma kwelikweli. Lakini muda wote huo mapigo ya moyo wake hayakupanda ila kidogo, na jasho lile ni la joto la pwani zaidi kuliko la moyo. Safari zako za mjini nazo ni za kukatikakatika, maana sijapata kumwona mtu wa Lamu akipita vichochoro vile bila kusimama kusalimia baraza mbili tatu.

Kinachoshusha shinikizo ni mwendo wa haraka usiokatika, angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Kutoka gati la mjini hadi Shela kwa njia ya ufukoni ni kilomita 3 hivi. Zitembee baada ya sala ya alfajiri, kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza na mwenzako lakini pumzi haikutoshi kuimba kaswida. Kurudi, panda mashua ukipenda, sitakulaumu. Mwendo wa aina hiyo huilegeza mishipa ya damu, na shinikizo hubaki chini kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Ndiyo maana ni bora kuugawa katika wiki kuliko kuulimbikiza siku moja. Mwenye presha akidumu nao kwa miezi, namba ya juu hushuka kwa wastani wa 5 hadi 8, na akiacha, faida hiyo hupotea baada ya wiki chache. Jambo moja la karakanani: unaponyanyua gogo la mbambakofi usibane pumzi, kwani shinikizo hupaa ghafla.

Lehemu ina njia nyingine. Mazoezi huishusha LDL kidogo tu, kwa hiyo hapo mkeo amekaribia ukweli kuliko wewe, ingawa amezidisha. Nazi yenyewe haina lehemu. Tatizo ni kwamba takriban asilimia 90 ya mafuta yake ni ya aina inayolifanya ini lisiichote LDL ya kutosha kutoka kwenye damu, na samli nayo ina mengi ya aina hiyo. Wali wa nazi na ubaki wa Ijumaa, upikwe kwa tui la pili, na kasimele, lile tui zito la kwanza, isimwagwe katika kila mchuzi. Mbaazi zichemshwe zitiwe kitunguu na ndimu, kwa kuwa nyuzinyuzi zinazoyeyuka za jamii ya kunde huondoka na nyongo tumboni, na ini hulazimika kuitumia lehemu ya damu kutengeneza nyongo nyingine. Samaki achomwe badala ya kukaangwa.

Ningemwomba mkeo, kwa heshima zote, aihamishie hasira yake kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyojificha ndani ya ng'onda, achari, kachiri na vidonge vya mchuzi.

Ama vidonge vya presha, usiviache. Fanya hesabu mwenyewe: 148 ukitoa 8 inabaki 140, na hapo bado umesimama mlangoni mwa ugonjwa. Mwendo, chumvi kidogo na uzito kupungua vikijumlishwa huenda vikamwezesha daktari wako kupunguza dozi, lakini uamuzi huo ni wake akiwa na vipimo mkononi. Ukiwa njiani ukahisi kifua kinabana, kizunguzungu au pumzi kukatika, simama na uende hospitali saa ile ile.

Ukipima nyumbani, keti kwanza dakika 5 umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na iwe imepita nusu saa tangu kikombe cha mwisho cha kahawa. Andika namba zote mbili kwenye daftari, hata zile zisizokupendeza, ulipeleke kliniki, na LDL ipimwe tena baada ya miezi 3.