Kabla Ramadhani haijakukuta dirishani

Wadogo zangu mnaoanza famasia, istilahi mtakazopewa ni nyingi na nyengine zinatisha bure. Anzeni na maswali mawili: mwili unaifanya nini dawa, na dawa inaufanya nini mwili. La kwanza lina hatua nne. Dawa hufyonzwa, husambaa, huvunjwavunjwa, hasa na ini, kisha hutolewa, hasa na figo. Ukizikariri kwa ajili ya mtihani zitaondoka na mtihani. Kaa dirisha la dawa pale Wete au Chake Chake siku za mwisho za Shaabani, utazielewa kwa lazima.

Kila mgonjwa wa presha atauliza: "Daktari, hii ninywe futari au daku?" (Utaitwa daktari hata ukikataa, zoea.) Jibu limo kwenye nusu-uhai, yaani muda ambao kiwango cha dawa katika damu hupungua kwa nusu. Amlodipini huchukua saa 30 hadi 50, ndiyo maana kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Futari sawa, daku sawa, muradi ashike wakati mmoja. Kaptoprili nusu-uhai wake ni kama saa 2, hivyo hupangwa mara mbili au tatu kwa siku, na mfungo unaivuruga. Huyo mrudishe kwa aliyemwandikia kabla mwezi haujaandama. Usimpangie wewe.

Nusu-uhai huohuo hujibu lalamiko jengine. Bi mkubwa anarudi siku ya tatu: "Mwanangu, dawa yenu hii haina kazi, presha ipo palepale." Dawa ya kila siku hujikusanya mpaka inayoingia na inayotoka zilingane, na hapo hupita nusu-uhai nne hadi tano. Kwa amlodipini ni kama wiki nzima. Mwambie siku ya kwanza, kabla hajaanza kumeza viwili viwili.

Swali la pili, dawa inaufanya nini mwili, linauma zaidi kwa watu wa sukari. Glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari, umekula hujala. Metformini kazi yake kubwa ni kupunguza sukari inayotengenezwa na ini, kwa hiyo ikinywewa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Ugonjwa mmoja, lakini saa tisa alasiri hatari zao hazifanani. Wa glibenklamidi aonane na daktari wake kabla ya mfungo, na ajue kwamba akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, anafungua papo hapo. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Wengi wanaijua ila wanaona haya kuitumia.

Na chai! Mjamzito anapewa vidonge vya kuongeza damu, anavisukumia kwa chai ya rangi. Tanini za chai hushikana na madini ya chuma, sehemu kubwa ikapita bila kufyonzwa. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, na maziwa ni vivyo hivyo, kwa sababu ya kalsiamu. Basi usiulize tu amekunywa saa ngapi, uliza amenywea nini. Vya damu anywee maji, chai ingoje saa moja au mbili.