Miche ya nyanya kwenye viriba, majani yanaungua
Mkuu uliyeandika kutoka Ujiji ukauliza kuhusu miche yako ya nyanya na kuweka picha mbili, hiyo ya majani ya chini kukauka kingo si ugonjwa, umesema mwenyewe uliweka urea juu ya samadi mbichi, sasa hapo mche mdogo hivyo unatokaje salama? Mwagilia mpaka maji yatoke kwenye vitundu vya kiriba, mbolea acha kwanza hadi uone majani mapya. Ila picha ya pili siipendi kabisa, lile baka jeupe kwenye jani lenye vinyesi vyeusi ndani ni kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hula nyanya kwa ndani), inua jani kwenye jua utaona kiwavi humo. Ingekuwa kimstari chembamba kinachojipindapinda ningesema ni inzi wa majani tu, yule ambaye funza wake huchimba ndani ya jani. Yachume majani hayo yenye mabaka uyachome moto, usitupe pembeni, na kagua upande wa chini wa majani kila asubuhi.