Mlango wa dharura umefungwa kufuli: lalamika hivi

Kumwambia mlinzi hakusaidii. Kesho zamu inabadilika na neno limeishia hapo. Kama mlango wa dharura wa supamaketi umepigwa kufuli na kuzibwa na kreti za soda, andika barua, nakala mbili. Taja tarehe, saa, ghorofa na mlango wenyewe (“wa nyuma, jirani na friji za maziwa”), kisha dai moja tu: kufuli litoke na njia iwe wazi ndani ya siku 3. Ukichanganya na bei au kauli chafu za keshia, watajibu hayo mepesi. Meneja agonge muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Akikataa, tuma makao makuu kwa baruapepe. Picha ziwe mbili: ya karibu ionyeshe kufuli, ya mbali ionyeshe kibao cha njia ya kutokea. Picha ya kufuli peke yake wataikana.

Kimya? Kwa Tanzania, peleka nakala ofisi ya Zimamoto na Uokoaji ya wilaya au mkoa. Wao hukagua majengo ya biashara. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wanahusika, maana wafanyakazi wanategemea mlango huohuo. Namba 114, ya dharura ya Zimamoto, iachie moto wenyewe.