Jibu: Biblia moja kwa watoto wa miaka 3 na 6?

Habari ndugu. Unauliza kama Biblia moja ya picha itawatosha wote wawili, wa miaka 3 na wa miaka 6. Mimi ningenunua mbili. Mdogo apewe yenye kurasa ngumu na sentensi mbili tatu kwa kila picha. Za karatasi nyepesi atazichana tu.

Kwa mkubwa, kabla ya kulipa fungua gharika ya Nuhu na kusulubiwa kwa Yesu, usome kwa sauti. Ukijikuta unaruka mistari, iache. Kisha tazama kama kila hadithi imetajiwa sura yake, mfano 1 Samweli 17 kwa Daudi na Goliathi, maana wachoraji nao huongeza yao: Mathayo hasemi popote kwamba mamajusi walikuwa watatu. Na zile zinazomalizia kila hadithi kwa “nawe uwe mtoto mwema” nazikwepa, wangu huzichoka upesi.