Bwawa la saa mbili asubuhi sio bwawa la saa nane mchana

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mabwawa ya kuogelea hotelini, hasa hizi hoteli za ufukweni ambazo sikukuu zinaingiza na watu wa kiingilio cha siku, naandika haya kwa sababu mwezi huu nimepokea vijana wawili wapya na wote wamekuja na imani ile ile niliyokuja nayo mimi miaka tisa iliyopita, kwamba ukishaweka dawa, yani klorini, alfajiri na maji yakawa ya bluu basi kazi imeisha, kilichobaki ni kupanga taulo. Hapana jamani. Bwawa ulilolipima saa mbili asubuhi likiwa tupu sio lile la saa nane mchana lenye watoto sitini ndani, jua la Dar limelipiga masaa sita, kila mtu kaingia na mafuta yake ya nywele, losheni, jasho, na wengine mkojo, tusifichane. Vyote hivyo vinakula klorini. Unaweza kuanza asubuhi na 3 ppm (yani gramu 3 za klorini kwenye kila lita elfu moja za maji) safi kabisa na saa nane ukapima ukakuta karibu sifuri, na maji bado ni ya bluu vile vile, yanapendeza hata kwa picha. Kwaiyo siku ya Idi au Krismasi pima kila baada ya masaa mawili, na kama watu wamejaa sana pima kila saa.

Pua nayo isikudanganye. Mgeni akikwambia "kaka dawa imezidi, macho yanawasha", kijana mpya anakimbilia kupunguza dawa. Mara nyingi ni kinyume chake, ile harufu kali inayochoma macho sio ya klorini iliyo huru, ni kloramini, yani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, imeshachoka. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki hivyo. Ukisikia hiyo harufu chukua kipimo, usichukue maamuzi.

Sasa kupima kwenyewe. Usichote maji ya juu juu pale pembeni, wala mbele ya tundu linaloleta maji kutoka kwenye pampu. Zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, suuza kile kichupa kwa maji ya bwawa mara mbili, ndio uchote. Kidonge cha kupimia usikishike na vidole, kipasue kutoka kwenye karatasi yake kidondokee ndani moja kwa moja, kisha linganisha rangi kwenye mwanga wa kawaida, sio kivulini mwa chumba cha pampu. Pinki kidogo, klorini kidogo, pinki iliyokolea, klorini nyingi. Kwenye bwawa isishuke chini ya 1 ppm hata siku moja, na kama mnatumia vile vidonge vikubwa vya klorini vyenye kinga ya jua ndani yake, ile inayozuia jua lisile klorini, basi isishuke chini ya 2.

Kuna kitu hapa hakuna aliyenifundisha na kilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza nilipima, maji kwenye kichupa yakawaka pinki sekunde moja afu yakawa meupe pee. Nikajua klorini hakuna, nikaongeza kopo zima, nikapima tena, meupe, nikaongeza tena. Kumbe klorini ikizidi sana inaunguza ile rangi ya kipimo, kwaiyo unasoma sifuri wakati bwawa limejaa dawa. Watoto wawili walitoka ngozi nyekundu siku ile na mpaka leo nawakumbuka sura zao. Ukiona pinki inawaka na kupotea, changanya maji ya bwawa kikombe kimoja na ya kunywa ya chupa vikombe vinne, pima huo mchanganyiko, jibu lake zidisha kwa tano.

Dawa isipimwe kwa kopo wala kwa mkono. Chukua urefu, upana na kina cha wastani: mita 12 kwa 6 kwa 1.4 inakupa kama mita za ujazo 100, yani lita laki moja. Kuipandisha klorini kwa 1 ppm kwenye bwawa hilo unahitaji gramu 150 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65. Nunua mzani wa jikoni, sio ghali. Na pH, yani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.6, ikipanda mpaka 8 klorini inabakiwa na nguvu kama robo tu, unamwaga hela kwenye maji.

Nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Kuharisha.

Idi mosi moja, hoteli niliyokuwa nafanya zamani, mtoto wa kama miaka mitatu aliharisha kwenye bwawa la watoto, alikuwa amevaa pampasi ya kawaida ikafumuka. Nikamwambia supavaiza tufunge, akasema chota na wavu, rusha dawa kidogo, watu wameshalipa. Nikachota, nikarusha, dakika kumi baadae watoto walikuwa ndani tena wanacheka na kumeza maji. Wiki iliyofuata mama mmoja akapiga simu risepsheni, wanae wawili wanaharisha. Siwezi kuapa kwamba yalikuwa maji yetu, lakini mimi ndiye niliyeshika ule wavu na najua niliruhusu nini.

Elewa tofauti. Bakteria kama E. koli kwenye klorini ya 1 ppm anakufa chini ya dakika moja, ndio maana watu wanaamini klorini inaua kila kitu papo hapo. Lakini kuna kijidudu cha kuharisha kinaitwa kriptosporidiamu, kina gamba gumu, kwenye klorini hiyo hiyo kinaishi zaidi ya siku kumi. Mtoto anameza funda moja tu la maji. Kwaiyo choo kigumu kikionekana toa watu wote, kiopoe chote kwa wavu (usikivute na mashine ya kufagia chini, utakipeleka kwenye mabomba), weka klorini 2 ppm na pH isizidi 7.5, subiri nusu saa. Choo cha majimaji ni habari nyingine kabisa: klorini 20 ppm kwa masaa 12 na dakika 45, pampu inatembea muda wote, afu unaosha filta na yale maji unayamwaga nje, hayarudi bwawani. Kwa lile bwawa la lita laki moja ni kilo tatu za unga, na utumie unga wa kawaida, sio vidonge vyenye kinga ya jua, maana ile kinga inaidhoofisha klorini na masaa yanaongezeka sana. Halafu kachungulie chumba cha pampu: kama bwawa la watoto na la wakubwa yanatumia filta moja, funga yote mawili. Hili wengi wanalisahau, wanafunga dogo na maji yale yale yanazunguka kwenda kubwa.

Wageni waambie mapema na kwa heshima. Mimi huwa nasogea pale kabla hawajavua viatu, "Mama shikamoo, karibuni, naomba watoto wapite shawa kwanza, na kuna aliyeharisha wiki hii?" Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa swali hilo, wengi wanashukuru, na akisema yupo namwelekeza kwenye kivuli cha kuchezea mchanga. Dakika moja tu ya shawa inapunguza uchafu mwingi sana.

Jakuzi msiliache nyuma, maji ya moto yanamaliza klorini haraka, iwe 3 ppm kwenda juu, la sivyo ni vipele na masikio kuuma.

Dawa za aina mbili zisiguse ndoo moja, hata ikiwa imekauka. Unga na vidonge vikikutana vinaweza kuwaka moto, na klorini ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua. Tia maji kwanza kwenye ndoo, dawa ifuate, kamwe usigeuze.

Daftari liwe kavu na karibu: saa, klorini, pH, idadi ya watu, nani kapima. Hoteli niliyopo sasa nilifunga bwawa tarehe 26 Disemba mchana, meneja akaja juu, nikamfungulia ukurasa akasoma mwenyewe, akaenda kurudishia watu kiingilio. Na kabla ya sikukuu hesabu vidonge vya kupimia vilivyobaki kwenye boksi, kwa sababu siku hizo maduka ya dawa za mabwawa yanafungwa na ndio siku unapima mara nane.